Vali ya Eksozi ya Pikipiki ya Mipigo Miwili: Kuifungua, Kuisafisha na Kuirudisha Mahali Pake

Vali ya eksozi, ambayo Yamaha huiita YPVS, Kawasaki KIPS na KTM TVC, ni kifaa kidogo kilichofichwa ndani ya silinda ya pikipiki ya mipigo miwili, na kazi yake ni kubadilisha kimo cha mlango unaotolea moshi wakati injini ikiendelea kuzunguka. Mwenye pikipiki anapoambiwa kwamba vali hiyo imekufa, mara nyingi huanza kuhesabu bei ya spea, ilhali katika hali nyingi chuma chenyewe hakijalika, bali oili isiyoungua imegeuka ukoko na kuzishika sehemu zilizokusudiwa kuteleza. Kwa hiyo kuifufua vali ni kazi ya kusafisha na kupima zaidi kuliko kazi ya kubadilisha vipuri, na vali nyingi zinazoharibika kweli huharibikia mezani kwa fundi, zinaporudishwa jino moja la gia nje ya mahali pake.

Katika injini ya mipigo minne, kama ile ya bodaboda nyingi, moshi hutolewa na vali inayofunguliwa na kemshafti. Injini ya mipigo miwili, ile inayonyweshwa petroli iliyochanganywa na oili, haina kemshafti: pistoni yenyewe inaposhuka hufunua matundu yaliyochongwa ukutani mwa silinda, kwanza lile la eksozi, kisha yale yanayopitisha mchanganyiko mpya kutoka katika kasha la krenki, na inapopanda huyafunika kwa mpangilio uliogeuzwa. Kwa kuwa mlango wa eksozi hufungwa wa mwisho, kuna kipindi kifupi ambacho mchanganyiko mpya huwa na nafasi ya kutoroka pamoja na moshi, na kinachouzuia ni ile eksozi yenye tumbo, iliyonenepa katikati na kusinyaa mwishoni, ambayo hulirudisha wimbi la shinikizo hadi mlangoni na kuusukuma ndani mchanganyiko uliokwisha kutoka. Mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, Ujerumani Mashariki, ndiye aliyeifikisha eksozi ya namna hiyo katika ubora mkubwa kwenye miaka ya 1950.

Wimbi hilo husafiri katika moshi wa moto kwa kasi ya takriban mita 500 kwa sekunde, na kasi hiyo haibadiliki sana dereva anapoongeza mafuta. Kinachobadilika ni muda unaopatikana. Injini ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 7.5, na mlango unaobaki wazi kwa digrii 190 kati ya 360 hupata milisekunde 4 tu, ambazo zinalitosha wimbi kwenda na kurudi mita 2 kwa jumla, yaani eksozi yenye urefu wa karibu mita 1. Injini hiyo hiyo ikizunguka mara 4,000, mlango hubaki wazi kwa milisekunde 8, wimbi hufika mapema mno, hugonga na kuondoka, na sehemu ya mchanganyiko huishia nje bila kuungua. Mlango mfupi, unaochelewa kufunguka na kuwahi kufungwa, huipa injini nguvu ya chini. Mlango mrefu huipa nguvu ya juu. Na kabla ya kuwapo kwa vali mchongaji wa silinda alilazimika kuchagua kimoja na kuishi na kasoro ya kingine. Yamaha iliutatua ugumu huo kwanza kwenye pikipiki za mashindano ya dunia ya cc 500 mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1982 ikaileta vali hiyo kwenye YZ250 ya motokrosi.

Maelezo yanayofuata yanachukua kama kielelezo injini za KTM za cc 250 na 300 za kabla ya mwaka 2023, ambazo vali yake huendeshwa na gavana ya chuma badala ya mota ya umeme, ingawa mengi kati ya yanayosemwa yanafaa pia kwa Yamaha, Kawasaki na nyinginezo. Ndani ya silinda hizo kuna ulimi mmoja wa kati uliotundikwa juu ya mlango mkuu, na kila upande wa ulimi kuna rola, yaani kipipa kidogo chenye mkato, kinachofunga na kufungua tundu dogo la pembeni. Ulimi na rola huunganishwa kwa vipande vya gia, hivyo kimoja kikizunguka vyote huzunguka. Gavana, neno ambalo kwa fundi halihusiani na siasa, ni kikombe chenye mipira ya chuma kilichofichwa nyuma ya kava la klachi na kuzungushwa na gia ya krenki. Mwendo unapoongezeka mipira hutupwa nje, hupanda mteremko uliochongwa, huishinda springi, na kusukuma mkono unaoivuta vali. Takriban kati ya mizunguko 5,000 na 6,000 vali huanza kufunguka, na baada ya 7,000 huwa wazi kabisa.

Katika Afrika Mashariki kifaa hiki hakijazoeleka, kwa sababu bodaboda ni za mipigo minne, na hata Yamaha AG100, pikipiki ya mipigo miwili ambayo miradi mingi ya kilimo na afya imeitumia vijijini, haina vali ya eksozi. Fundi hukutana nayo katika pikipiki za mashindano, zile zinazorukaruka katika viwanja kama Jamhuri Park jijini Nairobi au Garuga nchini Uganda, na fundi hodari wa bodaboda anaweza kuivua silinda ya namna hiyo bila kujua kwamba ameachanisha gia zilizokuwa zimepangwa kwa alama.

Dalili za vali iliyokwama hutegemea ilipokwamia. Ikikwama ikiwa imefungwa, pikipiki huondoka vizuri, hupanda kilima kwa nguvu, kisha inapofika katikati ya mwendo hukataa kuendelea kana kwamba imeshikwa shingo. Ikikwama ikiwa wazi, mambo hugeuka: chini huwa nyonge na huhitaji klachi kila kona, halafu ghafla hulipuka na kumvuta dereva mikono. Hali ya tatu, ambayo ndiyo humpoteza fundi zaidi, ni vali inayosogea kwa uzito, inayofunguka kwa kuchelewa na kurudi kwa kuchelewa, kwa kuwa dereva husimulia tu kwamba pikipiki haisomeki, leo iko hivi na kesho vile. Zipo pia dalili za nje, kama vile oili nyeusi inayotiririka kutoka kwenye vifuniko vya pembeni vya silinda, au oili ya gia inayopungua bila kuonekana chini, ambayo huenda inapita kwenye sili ya shafti ya vali.

Hata hivyo dalili hizi hazitoshi kuhukumu, kwa kuwa kabureta yenye jeti isiyofaa, ringi zilizochoka, sailensa iliyolowa oili, na hata ridi zilizopasuka, yaani vile vibamba vyembamba vinavyoruhusu hewa kuingia bila kurudi, huleta malalamiko yanayofanana na hayo. Jaribio la haki ni kuitazama vali yenyewe ikifanya kazi. Katika pikipiki nyingi kuna kifuniko kidogo upande wa silinda kinachofichua ncha ya shafti. Kikiondolewa, injini ikiwashwa na kupata moto, kisha ikapigwa resi fupi, shafti huonekana ikizunguka kwa robo ya duara au pungufu na kurudi mara moja resi inapoachiwa. Shafti isiyosogea kabisa inaonyesha kukwama au kuachana kwa mkono wa gavana. Inayokwenda na kusita katikati inaonyesha ukoko. Na inayokwenda vizuri inamwambia fundi akatafute ugonjwa mahali pengine na aiache silinda ilivyo. Resi hiyo isiwe ndefu, kwani injini isiyo na mzigo hupanda upesi kupita kiasi.

Ikithibitika kwamba vali ina kasoro, vifaa vinunuliwe kabla ya nati ya kwanza kufunguliwa, kwa sababu pikipiki iliyovuliwa na kuachwa mwezi mzima ikisubiri gasketi hupoteza vipande na hukusanya vumbi. Gasketi ya chini ya silinda, gasketi au oringi za hedi, gasketi za vifuniko vya vali, oringi zake na sili ya shafti hazirudishwi zikiwa za zamani, hata zikionekana nzima. Oringi zinazokosekana kwa jina la pikipiki huweza kupatikana kwa vipimo katika maduka ya spea za haidroliki, lakini hapo kuna mtego: mpira mweusi wa kawaida, uitwao nitraili, huanza kukakamaa joto linapozidi nyuzi 100 na kitu za Selsiasi, ilhali ule wa Viton huvumilia takriban nyuzi 200, na kwa upande wa eksozi huo wa pili ndio unaofaa. Kitabu cha mtengenezaji cha modeli husika, na cha mwaka husika, ni kifaa kama spana. Bila hicho alama za gia hubaki kuwa za kubahatisha.

Pikipiki huoshwa kwanza, hasa chini ya tangi na kuzunguka silinda, kwa kuwa mchanga unaoanguka ndani ya kasha la krenki huila beringi kwa muda mfupi. Maji ya rejeta humwagwa, eksozi na tangi huondolewa, hedi hufunguliwa kwa kulegeza nati zake kwa mkingamo kidogo kidogo, kisha mkono wa gavana hutenganishwa na shafti ya vali. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa: fundi huinyanyua silinda, silinda hugoma, naye huigonga kwa nyundo ya mpira, kumbe kilichoizuia ni kiungo kidogo cha duara chenye klipu ambacho kingetoka kwa ncha ya bisibisi. Silinda ikishapanda, kasha la krenki huzibwa mara moja kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi.

Kabla ya kuvua vali, picha hupigwa kwa simu kutoka pande zote, vali ikiwa imefungwa na tena ikiwa wazi, na rola ya kushoto hutiwa alama ili isichanganywe na ya kulia. Zinafanana kwa jicho, lakini mkato wa moja umegeukia upande usio wa nyingine, na katika baadhi ya silinda moja ikiingizwa kwa mwenzake itaingia bila ubishi na kukaa kinyume kabisa. Skrubu ndogo zinazoshika vipande vya vali kwa kawaida hufungwa kwa gundi ya nyuzi, ile inayozuia skrubu kulegea, na zinapokataa kufunguka dawa yake ni joto wala si nguvu: hewa ya moto ikielekezwa hapo kwa dakika chache, gundi hulainika, na kichwa cha skrubu hubaki na umbo lake. Aidha, zipo injini ambazo nati mojawapo ya vali hufunguliwa kinyume na kawaida. Kila nati inayozidi kukaza kadiri inavyozungushwa inastahili kusimamishwa na kuulizwa kitabuni.

Rola iliyotolewa baada ya miaka miwili bila kuguswa huwa na tabaka tatu za uchafu, na kila tabaka lina historia yake. La juu ni jeusi na laini, linafutika kwa kidole, na hiyo ni oili ya wiki chache zilizopita. La kati linavutika kama lami iliyopigwa na jua. Na la chini kabisa, lililojibana kwenye kona ya mkato na kwenye mizizi ya meno ya gia, ni gumu na linang'aa kama ukoko wa wali uliosahauliwa mekoni. Hilo la tatu ndilo linaloishika vali, na ndilo linalowashawishi watu wachukue bisibisi na kukwangua. Ushawishi huo ukataliwe. Vipande vilowekwe katika mafuta ya taa au dizeli usiku kucha, kisha visuguliwe kwa brashi ya nyuzi za shaba, na kona zichokolewe kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa, ambacho ni kigumu vya kutosha kuling'oa tabaka la kati na laini kiasi cha kutoichuna aluminiamu. Ukoko unaobaki huloweshwa tena. Usiku wa pili ni nafuu kuliko rola mpya. Petroli husafisha upesi zaidi, lakini mvuke wake hutambaa chini na kufuata jiko au cheche ilipo, na hakuna vali inayostahili hatari hiyo ndani ya chumba.

Vitu viwili vinavyopatikana kirahisi havifai kabisa. Cha kwanza ni kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, pamoja na dawa za kusafishia oveni zenye kemikali hiyo, kwa kuwa huitafuna aluminiamu pamoja na uchafu wake na kuiacha na vishimo. Cha pili ni stiliwaya ya jikoni, ambayo huacha vinywele vya chuma kwenye matundu ya vali, navyo huishia kati ya ringi na ukuta wa silinda. Ukuta huo katika pikipiki za aina hii si chuma cha kawaida bali ni aluminiamu iliyopakwa tabaka jembamba la nikeli lenye chembe za silikoni kabaidi. Tabaka hilo ni gumu sana, lakini likibanduka kwenye ukingo wa mlango halipigwi msasa likapona, bali silinda hupelekwa kupakwa upya, huduma ambayo si rahisi kuipata karibu. Kwa hiyo chombo chochote kinachoingizwa kwenye matundu ya vali kiingizwe kutoka upande wa nje, wala ncha yake isielekezwe ndani ya silinda.

Vipande vikiwa safi ndipo vinapoweza kusema ukweli kuhusu umri wao. Rola hurudishwa kavu kwenye tundu lake na kuzungushwa kwa vidole viwili: inapaswa kuzunguka kwa uzito wake bila kukwaruza, na ikitikiswa isionyeshe mchezo mkubwa unaoonekana kwa jicho. Meno ya gia huangaliwa kama yamekuwa membamba upande mmoja. Shafti hukaguliwa pale inapopita kwenye sili, kwa sababu mfereji unaohisiwa kwa ukucha utapitisha oili hata sili ikiwa mpya. Kisha ulimi wa kati hutazamwa ukingoni mwake chini ya mwanga wa tochi, na hapa fundi asiharakishe: doa linalong'aa kama kioo, lililo sambamba na mstari mwembamba kwenye sketi ya pistoni upande wa eksozi, ni ushahidi kwamba ulimi umekuwa ukiigusa pistoni. Ulimi huo umeshuka au umeingia ndani kupita kiasi, ama kwa sababu shafti imelika, ama kwa sababu skrubu ya kikomo imesogezwa na mtu aliyetaka nguvu zaidi. Kimo chake hupimwa kwa kalipa ya kina kutoka uso wa juu wa silinda hadi ukingo wa ulimi. Vitabu vya KTM hukiita kipimo hicho Z na kuipa kila injini namba yake, nayo haikisiwi kwa kutazama pikipiki ya jirani.

Kurudisha vali huanza kwa oili nyepesi, ile ile ya mipigo miwili inayochanganywa na petroli, ikipakwa kama utando tu. Grisi haifai kwenye rola wala ulimi, kwani joto la eksozi huigeuza ukoko mpya ndani ya siku chache. Matumizi yake yaishie kwenye mdomo wa sili na juu ya oringi ili zisikatike zinapoingizwa. Alama za gia, ambazo huwa ni nukta au mistari midogo, hulinganishwa kama kitabu kinavyoonyesha, lakini hata alama zikilingana bado uthibitisho wa macho unahitajika, kwa sababu gia inaweza kuruka jino shafti inaposukumwa hatua ya mwisho. Vali hufungwa kabisa kwa mkono, tochi ikaelekezwa ndani ya silinda: rola zote mbili zizibe matundu yake sawasawa, bila moja kuacha mwanya wa mwezi mwandamo. Kisha hufunguliwa hadi mwisho: mikato ya rola ikae sawa na kuta za matundu, pasiwe na ukingo unaochungulia kwenye njia ya moshi. Rola moja ikichelewa kidogo nyuma ya mwenzake, jino limerukwa, na kazi hurudi nyuma hatua tatu. Pikipiki iliyofungwa katika hali hiyo huwaka na hukimbia, jambo ambalo ndilo baya lake, kwa sababu dereva atahangaika na kabureta kwa miezi akitafuta kosa lisilokuwapo huko.

Skrubu ndogo za vali husafishwa nyuzi zake, hutiwa gundi mpya ya nyuzi na kukazwa kwa kipimo. Bolti za vifuniko ni nyembamba, za milimita 5 au 6, na nyuzi zake zimechongwa ndani ya aluminiamu. Takriban nyutoni mita 6 kwa zile za 5 na 8 hadi 10 kwa zile za 6 zinatosha, kiasi ambacho mkono uliozoea nati za gurudumu hukipita bila kuhisi. Silinda huteremshwa juu ya pistoni huku ringi zikibanwa kwa vidole na midomo yake ikiwa kwenye pini zake, bila kuizungusha silinda kushoto wala kulia, kwa sababu mdomo wa ringi ukichungulia kwenye mlango wa eksozi huvunjika pale pale. Mkono wa gavana ukishaunganishwa, vali husukumwa kwa kidole hadi mwisho na kuachiwa. Irudi yenyewe kwa mlio mfupi mkavu, wala isirudi kwa kunyata.

Gavana yenyewe mara nyingi haina tatizo, kwa kuwa huishi ndani ya oili safi ya gia mbali na masizi, na kufungua kava la klachi bila sababu ni kujitafutia gasketi nyingine ya kununua. Hufunguliwa tu ikiwa vali ni safi na huru lakini bado haivutwi, na hapo hutazamwa kama mipira imechimba mifereji kwenye miteremko yake na kama uma unaosukumwa nayo umelika. Nje ya kava kuna skrubu ya kukaza springi, na KTM huuza springi za ziada za rangi tatu: ya njano ni ya kawaida, ya kijani huipa injini mwenendo wa upole, na nyekundu huifanya nguvu ije kwa ghafla. Hayo ni marekebisho ya mwenendo, si tiba, na mtu anayeizungusha skrubu hiyo ili kuponya vali iliyokwama huishia kuwa na kasoro mbili. Vyovyote vile, mizunguko ya skrubu ihesabiwe na kuandikwa kabla haijaguswa.

Linabaki swali la uchafu ulitoka wapi, na mtu asipolijibu ataifungua silinda ile ile baada ya msimu mmoja. Wengi huilaumu oili kwa wingi wake na kuipunguza, uamuzi ambao ni wa hatari: Yamaha hutaka sehemu 1 ya oili kwa 30 za petroli katika YZ, KTM hukubali 1 kwa 60 kwa oili bora, na tofauti hiyo, ambayo katika lita 5 za petroli ni mililita 167 dhidi ya 83, inatokana na namna kila injini ilivyoundwa wala si na ukarimu wa mtengenezaji. Aidha, oili ikizidi petroli hupungua kidogo katika kila tone linalopita kwenye jeti, hivyo mwenye kupunguza oili huufanya mchanganyiko uwe mzito zaidi wa petroli, kinyume cha alichokusudia. Chanzo cha kawaida zaidi ni petroli nyingi isiyopata hewa ya kuichoma, na kwa nchi za maziwa makuu jambo hili lina sura yake. Katika mwinuko wa mita 1,800, ulio karibu na ule wa Nairobi, hewa ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 16 ikilinganishwa na pwani. Pikipiki ya kabureta iliyowekewa jeti za usawa wa bahari ikipandishwa huko bila kubadilishwa jeti, itavuta petroli kwa kipimo cha Mombasa na hewa kwa kipimo cha Nairobi, na masalio yote hujikusanya kwenye vali. Mwendo wa pole wa muda mrefu huongeza tatizo, kwa sababu vali isiyofunguliwa haijisafishi.

Aina ya oili nayo ina neno lake. Kwenye mialo ya wavuvi, kuanzia Unguja hadi Mwanza na Kisumu, oili ya mipigo miwili inayopatikana kwa wepesi ni ya mashine za boti, yenye alama ya TC-W3, nayo iliundwa kwa injini zinazopozwa na maji ya ziwa au bahari na zisizopanda joto wala mizunguko ya pikipiki ya mashindano. Haifai kuwa ya kudumu. Inayofaa ni yenye alama ya JASO FC au FD, ambayo hutoa moshi mdogo, na ile ya FD husafisha vizuri zaidi kwenye joto kali. Oili ya injini za mipigo minne haichanganywi na petroli kwa hali yoyote, kwa kuwa viungo vyake vya madini huacha majivu ambayo hakuna mwendo wa kasi utakaoyachoma.

Baada ya kufunga kila kitu, rejeta hujazwa na hewa yake kutolewa, injini huwashwa na kuachwa ipate moto kisha ipoe kabisa, na maungio hukaguliwa kama yanavuja. Mbio za kwanza zichukue saa moja ya mwendo mchanganyiko. Kisha kile kifuniko kidogo cha pembeni hufunguliwa tena, shafti ikafutwa kwa kitambaa cheupe: unyevunyevu wa rangi ya kahawia unaoteleza ni wa kawaida, na vali inaweza kuachwa mpaka pistoni itakapobadilishwa, lakini lami nyeusi ndani ya saa moja inaipeleka pikipiki kwenye kabureta siku hiyo hiyo, kabla silinda haijapata ukoko wa pili.